Panzi Waliokufa Kikapuni

“Mtoto amekula nini?”

Daktari aliniuliza mimi, si bibi. Labda kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na masizi mikononi. Niliuona mdomo wake ukitembea, nikaliona jasho kwenye ncha ya pua yake na kalamu ya bluu mfukoni mwa koti lake. Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limekaa nyuma ya meno, lina chumvi na ladha ya moshi, na halikutoka.

Miaka mingi sikulifikiria swali lile kwa makusudi. Kisha siku moja, chuo kikuu, tulikuwa tunakausha panzi kwenye oveni ya maabara ili tuwasage na kupima protini, mafuta, madini ya chuma na zinki. Mwenzangu alifungua mlango wa oveni na harufu ikatoka: nyasi zilizoungua kidogo, karanga, na kitu kingine kama maganda ya dagaa juani. Wenzangu wakacheka kwamba sasa uletwe ugali. Mimi nilitoka nje, nikasimama kando ya ukuta na kuitazama milima. Mawingu yalikuwa yamekaa palepale upande wa Mgeta, kwa bibi.

Nilikuwa na miaka tisa wakati ule, na mdogo wangu Shabani alikuwa hajatimiza miwili. Nyumbani kwetu ni Ngerengere, ambako baba alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli karibu na stesheni. Mama alipata kazi ya msimu katika kiwanda cha tumbaku Morogoro mjini, kazi ya kusimama kutwa, akalala huko kwa ndugu na kurudi mwisho wa wiki. Shabani aliachishwa ziwa kabla ya wakati. Nywele zake zikawa nyepesi na nyekundu kama ndevu za muhindi, na akaacha kulia. Watu walimsifu kwa utulivu. Mimi nilimwona kama redio inayoishiwa betri.

Ndipo mama akatupeleka kwa mama yake, Mgeta. Asubuhi alipokuwa anarudi mjini, akiwa na mguu mmoja tayari kwenye ngazi ya gari, aliniinamia. “Usikubali mdogo wako apungue. Nimekukabidhi wewe.” Pengine aliyasema hayo ili tu nisilie. Lakini mtoto wa miaka tisa hajui maneno ya kutuliza, anajua maneno ya kukabidhiwa. Kuanzia siku ile nilijiona mimi ndiye mwenye mtoto.

Sisi tuliokua enzi zile tunaikumbuka kadi ya kliniki yenye rangi tatu: kijani, kijivu, nyekundu. Nesi wa zahanati ya pale kijijini alikuwa mwenyeji wa Bukoba, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya. Alimtundika Shabani kwenye mzani, akatia nukta yake kwenye kadi, na nukta ikaanguka kwenye nyekundu.

“Mayai, Bibi?” akauliza.

“Kuku wangu mmoja anaatamia, mwingine ananuna tu.”

“Nyama?”

Bibi alicheka kwa pua. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwepesi, mwenye tabia ya kujibu akiwa ameshaanza kuondoka. “Maharage yapo,” alisema. Kisha akashusha sauti kama anayeungama kosa. “Na panzi wapo.”

Nesi aliweka kalamu chini. “Sasa unanong’ona nini? Kwetu senene wanapelekwa mpaka ukweni. Watoe mbawa na miguu, wakaange, wasage, mtilie kwenye uji. Hiyo ni nyama, tena nyama isiyo na mfupa.” Halafu uso wake ukabadilika. “Lakini sikiliza. Mwezi ujao nukta ikibaki kwenye nyekundu, namwandikia wodi, hospitali ya mjini. Hapo sitabishana na mtu.”

Mimi wodi nilikuwa naijua. Mtoto wa jirani yetu Ngerengere aliandikiwa wodi, akarudi amefunikwa shuka. Kwangu wodi haikuwa mahali pa kutibiwa, ilikuwa mahali pa kupunguzwa mpaka uishe. Nilitoka zahanati nikihesabu siku.

Panzi huokotwa alfajiri ikishapasuka, kabla jua halijapanda juu ya mlima. Mgeta asubuhi ni baridi ya kuuma meno. Panzi wanakuwa wamening’inia kwenye nyasi, mbawa zimelowa umande, wazito, hawawezi kuruka. Unawachuma kama maharage. Bibi alinipeleka juu kabisa, kwenye nyasi za kando ya kijito karibu na msitu, ingawa chini karibu na nyumba, kwenye kingo za matuta ya kabichi, panzi walikuwa wengi zaidi. Nilimuuliza kwa nini tunapanda mlima kufuata kitu kilichoko mlangoni. Akasema, “Kwa sababu huku ndiko tunakookota.” Nililichukia jibu hilo. Nayachukia majibu ya aina hiyo mpaka leo.

Tukirudi aliwatia kwenye kikapu chenye mfuniko, akakifunga kwa kamba na kukiweka hatua mbili kutoka kwenye mafiga. “Leo wanafunga,” alisema. “Kesho watafuturu kwenye kikaango.” Joto la jiko likiwafikia, panzi walizinduka. Kutwa nzima na usiku kucha kikapu kilitoa sauti kama mvua ndogo juu ya majani ya mgomba. Shabani alikaa mbele ya sauti hiyo akiwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Hicho ndicho kilikuwa kitu cha kwanza nilichomwona akikitaka.

Asubuhi Bibi alifungua kikapu na kuwatenga. Wazima huku, waliokufa kule. Wazima walimwagiwa maji ya moto, wakanyofolewa mbawa na miguu, wakakaangwa kwa chumvi, wakatwangwa. Waliokufa, hata awe mmoja, Bibi aliwachukua kwa mkono wake mwenyewe, akaenda nyuma ya nyumba kwenye mgomba mmoja uliojitenga, akachimba kwa jembe na kuwafukia. Hakumruhusu mtu mwingine.

“Kwa nini hawaliwi?” nilimuuliza.

“Aliyekufa mwenyewe ni mzoga. Mzoga ni haramu.”

“Basi wape kuku.”

“Hapana.”

“Kama ni haramu kwetu, kuku ana dini gani?”

Bi Mwanaidi, jirani yake ambaye kila asubuhi alikuja kuomba kaa la moto na kubaki mpaka chai iishe, alicheka akajipiga paja. “Huyu mke mwenzako ana mdomo,” alimwambia Bibi. Kwa utani wa bibi na wajukuu mimi nilikuwa mke mwenza, na Shabani alikuwa mume wetu sote wawili. Bibi naye alianza kucheka, kisha kicheko kikakatika katikati, kama mtu aliyejikwaa.

“Kuku tunamla sisi,” alisema, akaenda kunawa mikono.

Uji wa Shabani ukawa wa kahawia. Siku za mwanzo aliutema, baadaye akaunywa, baadaye akagombania kijiko. Nilikuwa nimesuka uzi wa ufumwale wa mgomba na kumpima mkono, nikafunga fundo mahali ncha zilipokutana. Kila Ijumaa nilipima tena. Ijumaa ya kwanza ncha zilikutana palepale. Ya pili, fundo likasogea, kidogo kama upana wa punje ya mchele. Ya tatu sikuamini, nikapima mkono wa pili. Alikuwa ameanza kumfukuza yule kuku aliyekuwa ananuna. Alianguka, akalia kwa sauti, na Bibi akaacha anachofanya ili asikilize kilio kile mpaka mwisho. “Mume wangu anapiga kelele,” alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Lakini mzani hauangalii uzi wa mgomba. Kliniki ilikuwa Alhamisi. Wiki hiyohiyo Shabani alipata mafua, akakataa chakula siku mbili, na nilipompima Jumatatu asubuhi fundo lilikuwa limerudi ndani. Bibi alimbeba mgongoni kutwa akamwimbia. Jumanne alfajiri aliniambia niende peke yangu kuokota panzi, kule kule juu, nisikawie.

Sikwenda juu. Mlima ulikuwa umefunikwa na ukungu, nami nilikuwa na haraka. Nilishuka kwenye kingo za kabichi za jirani, mita chache kutoka nyumbani. Huko kulikuwa na panzi ambao sijawahi kuwaona kwa wingi namna ile. Wengine walikuwa kwenye majani, wengine chini kabisa, njiani, wamelala ubavu. Hawakuruka. Niliona ni baridi. Kila asubuhi hawaruki, kwa nini leo niwashangae? Hewa ilikuwa na harufu ya vitunguu swaumu vilivyooza, harufu ambayo kila mtu Mgeta anaijua. Jana yake nilimwona mwanaume akipita kwenye matuta yale na bomba la kunyunyizia mgongoni, kitambaa amejifunga puani. Kwangu harufu ile ilikuwa harufu ya kazi, kama rangi ilivyo kwa mtoto wa fundi rangi. Nilijaza kikapu kabla jua halijatoka, nikarudi nikiwa najiona mwindaji.

“Umewapata wapi wengi hivi?” Bibi aliuliza.

“Kule kule.”

Kikapu kikawekwa karibu na mafiga. Mchana nilikuwa nimeshughulika na Shabani na sikusikiliza. Jioni nilisikiliza. Kikapu kilikuwa kimya.

Jumatano asubuhi Bibi alifungua mfuniko na hakuwatenga. Hakukuwa na wa kuwatenga. Wawili tu walikuwa wakisogeza miguu, taratibu, kama wanaoota. Bibi alichukua mmoja, akamnusa. Akanusa vidole vyake. Akanigeukia.

“Nakuuliza tena. Umewapata wapi?”

“Kule juu, Bibi. Kwenye kijito.”

Akabeba kikapu chote, wazima wawili pamoja na wafu, akaenda kwenye mgomba wake. Nilimfuata nikikimbia. Sijui kama mnaelewa nilivyojisikia nikiona chakula cha wiki nzima kinamwagwa kwenye shimo, siku moja kabla ya mzani.

“Bibi, kesho ni kliniki.”

“Kesho ni kesho.”

“Nesi atamwandikia wodi.”

“Ataandika.”

“Mzoga ni wa mnyama wa kuchinjwa. Panzi hachinjwi. Chuoni tumefundishwa, samaki na nzige ni halali hata wakifa wenyewe.” Nilisema chuoni nikiwa na maana ya madrasa yetu Ngerengere, ambako nilikuwa wa kwanza darasani na nilijua kwamba ni wa kwanza. Nilikuwa na hoja. Nilikuwa na hoja iliyonyooka, na mbele yangu alikuwepo mzee aliyeshikilia mila asiyoweza kuieleza.

Bibi alishindilia udongo kwa mguu. “Mwalimu wako wa chuo analima kabichi?”

Nililichukua neno hilo kama tusi kwa mwalimu wangu. Nikanyamaza kwa hasira, yeye akadhani nimekubali. Alinikabidhi konzi mbili za karanga nizitwange, nimtilie Shabani kwenye uji, kisha akajitwika kapu lake na kwenda shambani.

Nilingoja mpaka kilemba chake kikapotea nyuma ya matuta. Jembe lilikuwa limeegemezwa palepale.

Niliwatoa udongoni mmoja mmoja. Niliwaosha mara tatu, kwa sababu mimi ni mtoto msafi. Nikawanyofoa mbawa na miguu, nikawakaanga mpaka wakawa wekundu, nikatia chumvi, nikaonja wawili kuona kama imekolea. Sikula zaidi, walikuwa wa Shabani. Sikuwatwanga wote. Wachache nilimpa mkononi awatafune, kwa kuwa meno alikuwa nayo na hamu ilikuwa imerudi. Alikula akinitazama, akanyoosha mkono kutaka wengine, nikampa wengine. Nakumbuka nilicheka. Nakumbuka nilimwambia, “Kesho tutamwonyesha nesi.”

Mate ndiyo yalianza. Nilimfuta kwa kanga, yakatoka tena, mengi, kama mtoto anayeota meno yote kwa pamoja. Kisha jasho, katika nyumba yenye baridi ambamo mimi nilikuwa nimevaa sweta. Kisha misuli ya shavu lake ikaanza kurukaruka yenyewe chini ya ngozi. Nilimwita jina, akageuza kichwa upande ambao sikuwepo. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinanizunguka na tumbo linanyonga, na hapo ndipo nilipoelewa, au nilipodhani nimeelewa. Ni mzoga. Bibi alikuwa sahihi, mimi nilibishana na haramu, na Mungu ametuona. Nilianza kusoma sura zote nilizokuwa nimezihifadhi, moja baada ya nyingine bila kupumzika, nikiamini kwamba nikifika mwisho atapona.

Bibi alirudi mapema. Aliingia kwa mlango wa nyuma akikimbia, kabla hajamwona mtoto. Alikuwa ameuona udongo wa mgombani. Alipiga magoti, akamfunua Shabani jicho kwa kidole gumba. Ile mboni nyeusi ya katikati ilikuwa imesinyaa mpaka ikawa tundu la sindano.

“Mwanaidi,” aliita, bila kupaza sauti, na Bi Mwanaidi akatokea kana kwamba alikuwa amesimama nyuma ya ukuta. “Macho.”

Bi Mwanaidi alitazama, akaweka mkono mdomoni. Hawakuulizana kitu. Wakati ule sikuona ajabu yake, kwamba wanawake wawili walielewana kwa neno moja juu ya ugonjwa ambao mimi sikuwa nimewahi kuusikia.

Bibi alimfunga mgongoni na kuanza kushuka. Njia za Mgeta ni za kuteremka kwa visigino, zina utelezi, upande mmoja ni ukuta wa udongo na upande wa pili ni hewa. Sikuwahi kumwona mzee akikimbia njia ile. Bi Mwanaidi alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka vidole vyake viliacha alama. Barabarani lori la kabichi lilikuwa linamalizia kupakia. Dereva alimtazama Bibi usoni mara moja tu. “Panda mbele, mama,” akasema, na kuwaambia wapakiaji waache zilizobaki.

Mimi na Bi Mwanaidi tulipanda juu ya mzigo. Kabichi zilinuka vitunguu swaumu vilivyooza. Nililala kifudifudi juu yake, nikasikia kupitia kwenye mbao Bibi akisema neno moja tu, lile lile, kila lori lilipokata kona: “Pumua. Pumua. Pumua.” Kila aliponyamaza nilifikiri imekwisha.

Kwenye kituo cha afya daktari alimlaza Shabani mezani, akamsikiliza kifua, akamfunua macho. Akauliza. Sikujibu. Akauliza tena, akiwa amenishika bega. “Mimi si polisi. Kuna magonjwa mengi na kuna sumu nyingi, siwezi kumchoma sindano ya kubahatisha. Mtoto amekula nini?” Sauti yake ya mara ya tatu haikuwa ya kunisihi tena. Nyuma yake Shabani alitoa mlio kama maji yanayokwenda chini kwenye bomba. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni hewa.

“Panzi,” alisema Bibi. “Panzi waliokufa kwa dawa ya kabichi. Ile inayonuka vitunguu swaumu. Amekula si zaidi ya saa mbili zilizopita. Nimempa mimi.”

Daktari aligeuka. “Umempa mjukuu wako wadudu waliokufa kwa sumu?”

“Nimempa mimi. Mchome sindano.”

Akaenda kabatini mbio. Baadaye alimsema Bibi mbele ya watu, mbele ya wajawazito waliokuwa wamepanga foleni, akamwuliza kama kijijini kwao chakula kimeisha. Bibi aliinamisha kichwa na kujibu ndiyo kwa kila neno. Nilipotoka nje kutapika alinifuata, akanielekeza uso juani, akanifunua jicho kwa kidole gumba kilekile. Akalitazama. Kisha akanishika mkono, akanipeleka kwa daktari. “Na huyu naye mpime,” alisema. “Aliramba kijiko.”

Alijua. Aliniosha masizi kwenye bomba la nje, kidole kwa kidole, na hakuniuliza neno.

Sindano zilirudiwa mpaka alasiri. Wakati wa adhana mboni za Shabani zilianza kufunguka, na usiku alilia akitaka maji. Siku ya tatu baba alifika kutoka Ngerengere, akasimama mlangoni bila kuketi. “Nilisema wanangu hawali wadudu,” alisema. Bibi akajibu, “Ni kweli, baba.” Tukaondoka naye. Shabani aliandikiwa maziwa ya unga na karanga, na taratibu nukta yake ikapanda. Kwetu panzi hakutajwa tena isipokuwa kama mfano wa ujinga wa watu wa milimani. Bibi hakukabidhiwa tena mtoto wa mtu. Hata binti zake wengine walisita.

Kila Idi nilimpigia simu. “Shikamoo, Bibi.” “Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu hajambo?” “Hajambo.” Halafu kulikuwa na kimya kifupi, kila mwaka mahali pale pale, ambamo ningeweza kusema. Nilikuwa kidato cha nne alipofariki. Shabani sasa ananipita kwa kichwa, anakula chochote kinachowekwa mbele yake, na hakumbuki kitu.

Nilikwenda kusoma lishe kwa sababu ya ubishi. Nilitaka kujua nani alikuwa amekosea. Nilijifunza kwamba nesi wa Bukoba alikuwa sahihi: panzi ni nyama, ana protini na mafuta na yale madini ambayo mtoto wa uji mtupu huyakosa. Nilijifunza kwamba kumfungisha kikapuni kunasafisha tumbo lake. Nilijifunza kwamba dawa ya kabichi haiondolewi na maji ya kuoshea wala haimalizwi na kikaango, na kwamba kikapu cha Bibi kando ya mafiga kilikuwa kipimo: joto linamwamsha aliyelala kwa baridi, haliwezi kumwamsha aliyelala kwa sumu. Hata hoja yangu ya madrasa ilikuwa sahihi. Haikuwa haramu iliyomwangusha Shabani. Ilikuwa ni mimi, na bomba la jirani.

Lakini nani aligundua kipimo kile? Nilipopewa kazi ya kwenda vijijini kuuliza jinsi wadudu wanavyoandaliwa, nilichagua Mgeta. Kila mwanamke niliyemuuliza aliniambia kwamba waliokufa kikapuni hawaliwi. Kwa nini? Ni mila yetu tangu na tangu. Mimi siamini kitu kilichoanza tangu na tangu. Nikawa namuuliza kila mmoja nani alimfundisha, nikifuata majina kutoka nyumba hadi nyumba. Mama mkwe. Shangazi. Jirani wa bondeni. Majina yalizidi kuwa machache na njia zilizidi kuwa nilizozijua, mpaka jioni moja nikajikuta nimeketi kwa Bi Mwanaidi, mzee sasa, akimenya njegere kwenye ungo.

“Bibi yako ndiye aliyenifundisha,” alisema.

“Na yeye alifundishwa na nani?”

Aliendelea kumenya. “Na nani? Sisi tulikuwa tunakula wote, wazima na waliokufa. Nani angemwaga kitoweo? Ni mwaka dawa ilipoanza kupanda huku. Alikuwa na mtoto, kabla ya mama yako. Wa kike, mkubwa kama Shabani wa siku ile. Baada ya arobaini akapita nyumba kwa nyumba, anatuambia aliyekufa kikapuni ni mzoga, ni haramu. Tulijua anachosema. Haramu haina maswali, ndiyo maana aliichagua.”

Nilikaa na daftari langu mapajani. Nikamuuliza kama yule mtoto alifikishwa kwa daktari.

“Alifika. Tulimbeba kwa zamu mpaka misheni, bado anapumua. Daktari akauliza mtoto amekula nini.” Bi Mwanaidi alipuliza maganda kutoka kwenye ungo. “Bibi yako hakujibu.”